Toba ya Ghislain

Yamaha nyekundu ilikata kona ya soko la Nzeng-Ayong, ikavaa meza ya ndizi, ikala mwereka.

Perpétue Mouketou aliruka kutoka kwenye Hilux kabla haijasimama vizuri. Jasusi huyu alikuwa akimwandama mwendesha pikipiki huyo, tarishi wa mzungu Kessler aliyejiita mfamasia, tangu alfajiri. Alimkanyaga mkono, akampokonya bahasha.

Ndani, karatasi moja ya kipimo cha moyo. Jina: Ghislain Mouketou.

Mdogo wake.

Aliipiga picha, akaituma kwa daktari wa zahanati ya mtaani kwao. Simu ikalia papo hapo.

"Dada, huyu anapewa iboga leo?" daktari aliuliza.

"Saa nne, kwenye kliniki mpya ya iboga. Anataka kuacha kobolo." Vidonge hivyo vya maumivu vilikuwa vimemla miaka mitatu, na dawa ya mzizi wa iboga husifiwa kuvunja uraibu.

"Moyo huu ukipewa iboga unasimama. Nani kampitisha?"

Basi kwenye faili la kliniki kulikuwa na karatasi ya moyo wa mtu mwingine, na hii ya kweli ilikuwa ikienda kupotezwa. Mgonjwa wa kwanza akifa, kliniki inafungwa, na dawa ya kampuni ya Kessler inaingia nchini bila mpinzani.

Saa nne na dakika tano.

"Pangolini kwa Kituo. Pigieni kliniki, wasitishe," aliita redioni.

"Siku ya dawa simu zao zote hufungiwa kabatini, Pangolini."

Akakanyaga mafuta.

Saa nne na nusu alivunja mlango wa kliniki, bastola ya Beretta mkononi. Ghislain alikuwa mkekani, kifua wazi. Kidonge bado kilikuwa kwenye kisahani. Mla iboga hutubu kwanza, yote, na Mama Sidonie, muuguzi, hakuwa mtu wa kumharakisha anayetubu. Kessler alikaa pembeni, jasho likimtoka, akitazama saa yake. Urefu wa toba hakuwa ameupigia hesabu.

"Na sufuria ya shangazi niliuza mimi," Ghislain alikuwa akisema. "Na ya jirani."

"Perpétue, toka nje," muuguzi alisema. "Ndiyo kwanza tumefika kwenye masufuria."

"Mpime moyo upya, mama."

Kessler alipeleka mkono kotini.

Haukutoka na kitu. Kitako cha Beretta kilimpata shingoni, akaenda chini pamoja na kiti chake. Perpétue akamtia pingu.

Mashine ilitema karatasi. Mama Sidonie aliisoma mara mbili, kisha akarudisha kidonge kwenye chupa.

"Leo hapana. Moyo kwanza. Na huenda isiwe kamwe."

Ghislain alijifunika uso.

"Dada, kuna moja nilikuwa naizungukazunguka. Huyu mzungu alinionyesha karatasi zote mbili. Nilijua yangu ni ile mbaya. Nikamwambia aweke ile nzuri."

"Ungekufa, mjinga wewe."

"Nimechoka, dada."

Perpétue alitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Redio ikakoroma.

"Pangolini, hali?"

"Njooni mumchukue mtu wenu. Mimi nina kazi hapa."

Aliizima, akavua viatu, akakaa mkekani.

"Haya, sema yote. Na friji langu usiliruke."