Dakika Ishirini Gizani

"Chukua barua yako, Mzee Saulo. Hapa hatuozi mtoto kwa mwendawazimu."

Shangazi Esnath aliisukuma bahasha ya posa mpaka ukingoni mwa meza. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Kihesa, Iringa. Sebule ilijaa wazee, na Mzee Saulo, mshenga, alikuwa hajamaliza hata kikombe cha kwanza cha chai.

"Mwendawazimu nani, mama?"

"Liberatus wenu. Sikiliza mwenyewe." Shangazi aliinua simu, akasoma kwa sauti yake ya kanisani: "'Shikamoo shangazi. Msimpe Yusta yule mtu. Kapimwa macho huku Mbeya, namba kumi na saba, mashine imeonyesha ana ugonjwa wa akili. Ni mimi msema kweli.'"

Huko jikoni Yusta aliachia mwiko. Siku ya posa binti hakai sebuleni, hilo linajulikana. Mambo yake mwenyewe anayasikia ukutani kama jirani mmbea. Lakini Yusta hakuumbiwa kusikilizia ukutani. Alitoka na mikono imejaa unga.

"Shangazi, huo ni uongo."

"Yusta! Rudi jikoni!"

"Nitarudi. Kipimo hicho kiko kazini kwangu Mbeya. Tunawamulikia watu mwanga, tunapima retina, ule utando wa nyuma ya jicho, unaitikia kwa nguvu kiasi gani. Watafiti wanataka kujua kama retina ya mtu mwenye sonona inaitikia tofauti. Wanataka kujua, shangazi. Bado hawajajua. Hakuna mashine ya kumwambia mtu mmoja kwamba wewe ni mgonjwa."

"Sonona ndiyo nini?"

"Huzuni iliyogeuka ugonjwa. Si wazimu."

"Haya. Na huyo wako mashine ilimwona mzima?"

Yusta aliikazia macho bahasha mezani. Yeye mwenyewe ndiye aliyembembeleza Liberatus aje kupimwa, kwenye kundi la watu wasio wagonjwa, wa kulinganishia. Kumpima mchumba wako hairuhusiwi, kwa hiyo alipimwa na mwenzake, Marcelino. Karatasi zina namba, hazina majina. Na namba kumi na saba Yusta aliikumbuka vizuri, maana mstari wake wa mwitikio ulilala chini kuliko yote.

Mzee Saulo alisimama, akavaa kofia yake.

"Mimi barua ya posa sirudi nayo. Naiacha mezani. Mkimkataa kijana, mtamkataa kwa kuifungua na kuijibu."

"Mwisho Jumamosi ijayo," shangazi alisema. "Ikipita hapo naitia motoni."

Yusta hakuwa na mzazi mwingine zaidi ya shangazi huyo aliyemlea. Neno lake likishatoka, limetoka.

Alikwenda nyuma ya nyumba, akapiga simu Mbalizi, kwenye ghala la viazi la Liberatus.

"Mzee Saulo kashaniambia," Liberatus alisema. "Mashine ilisema hivyo kweli?"

"Libe, nisikilize kwanza."

"Ilisema au haikusema?"

"Mstari ulikuwa chini, lakini..."

"Basi."

Simu ilikatika. Baada ya dakika tano ukaingia ujumbe: "Waambie wazee wameamua vizuri. Tafuta aliye mzima. Nakupenda."

Yusta aliusoma mara tatu. Kwanza ulimuuma, kisha ukamkasirisha. Kukataliwa na shangazi angeweza kupambana nako. Kukataliwa na Liberatus mwenyewe, tena kwa ujumbe, hapana! Akaanza kupandisha meseji zao za zamani moja moja, kama afanyavyo mtu aliyeachwa, mpaka akafika siku ya kipimo. Alichokisoma hapo kilimfanya ajifute machozi kwa mkono wenye unga.

Jumatatu asubuhi, Mbeya, Marcelino alimkuta kaketi kwenye kiti chake.

"Marcelino, kabla ya kupimwa retina, mtu anakaa gizani dakika ngapi?"

"Ishirini. Umekuja kunifundisha kazi?"

"Na simu yake inakuwa wapi?"

"Kwenye kisanduku, mapokezi. Mwanga wowote unaharibu kipimo."

"Namba kumi na saba umemwandika hapa. Kaingia gizani saa nane kamili, kapimwa saa nane na dakika ishirini."

"Ndiyo hivyo."

Yusta alimwekea simu mbele ya macho. "Soma. Saa nane na dakika kumi na tano: 'Nimo gizani huku, nakuona wewe tu.' Saa nane na dakika kumi na tisa: 'Huyu mwenzako mkali, ila kasahau kuninyang'anya simu.' Mtu katoka kukodolea kioo cha simu, wewe unampima hapohapo. Mstari usilale kwa nini?"

Marcelino aliisukuma simu pembeni.

"Langu nalibeba," Yusta aliendelea. "Nilikuwa likizo, nikamjibu kwa mabusu badala ya kukupigia wewe. Lakini namba kumi na saba kuwa ni Liberatus, aliyejua ni wewe peke yako. Na simu ya shangazi uliitoa kwenye fomu yangu ya kazi."

"Yusta, mimi nilikutaka kwa moyo mweupe. Ukanikataa mara mbili."

"Leo ya tatu. Inuka, bosi wetu Daktari Joyness anakusubiri ofisini. Meseji zote anazo."

Mchana huohuo Yusta aliingia ghalani Mbalizi. Liberatus alikuwa kakaa juu ya gunia, ndevu za wiki nzima, macho mekundu.

"Mashine ilipima mwanga wa simu yako," Yusta alimwambia, akamweleza yote.

Liberatus alicheka kidogo. "Basi nipimeni upya. Nikitoka mzima, shangazi ataridhika."

"Hapana."

"Hapana?"

"Sikuja na mashine. Nakuuliza mimi. Tangu tumzike Dastan, umelala usingizi lini?"

Dastan alikuwa mdogo wake. Shimo la dhahabu lilimfukia Makongolosi mwezi wa kwanza, na siku ya pili baada ya mazishi Liberatus alikuwa anapakia viazi kwenye lori. Watu walimsifu, wakasema huyo ndiye mwanaume.

"Yusta, acha."

"Siachi."

Liberatus alivuta uzi wa gunia. "Kazi ile nilimtafutia mimi," alisema. "Nakula kama nakula udongo. Nikifumba macho namsikia ananiita kaka. Wewe ukija nacheka. Ukiondoka tu, naisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniona dhaifu."

"Sasa umeniambia. Umeona nimenyanyua mguu niondoke?"

Alitikisa kichwa. Kisha akalia, mwanaume mzima juu ya gunia la viazi, na Yusta akamshika mpaka akamaliza.

"Kesho tunakwenda kwa Daktari Joyness, bosi wangu, anatibu sonona," Yusta alisema. "Kutibiwa, si kupimwa macho. Na Jumamosi barua yako inafunguliwa."

Jumamosi Liberatus alifanya jambo ambalo waposaji hawalifanyi. Alifika mwenyewe, nyuma ya mshenga wake. Safari hii Yusta alibaki jikoni, sikio ukutani.

"Kamwene, mama," Liberatus alisalimia.

"Kamwene. Ndiyo mtindo mpya huu, mposaji anakuja kujiposea?"

"Nimekuja kwa sababu hili Mzee Saulo hawezi kunisemea. Kipimo kile kiliharibika, nilishika simu gizani. Lakini sonona ninayo kweli, mama. Nilifiwa na mdogo wangu, nikanyamaza. Jumanne nimeanza matibabu, na nitapona. Sitaki mnipe binti yenu halafu mje mlisikie kwa mtu mwingine."

Jikoni, Yusta aliepua sufuria asikose neno. Alimpenda mtu yule kuliko siku zote.

"Marehemu mume wangu," shangazi alisema hatimaye, na sauti ya kanisani haikuwepo tena, "tulipomzika mtoto wetu wa kwanza, alikaa mwaka mzima haongei. Tukasema karogwa. Nikampeleka kwa waganga watatu. Kumuuliza tu, baba, una nini? Sikumuuliza."

Yusta alisikia bahasha ikivutwa taratibu juu ya meza.

"Yusta!" shangazi aliita. "Najua uko hapo ukutani. Niletee miwani yangu. Barua hii nitaisoma mwenyewe."