Mkono wa Nyathira

Siku ya soko Kapsoit, Nyathira na kijana mrefu wa sweta ya kijani walishika fungu moja la mboga za managu.

"Madam, hii nimeona kwanza."

"Kuona si kulipa," Nyathira akajibu, akavuta.

Wakacheka. Jumatatu walikutana tena kliniki ya macho, ambako Nyathira ni muuguzi. Kijana ndiye daktari mpya, Kipyegon.

Wagonjwa wa kisukari walijaa kwenye mabenchi wakingoja sindano ya jicho, na daktari ni mmoja tu. Kipyegon akaamua kumfundisha Nyathira kudunga. Alimsimamia hadi mkono wake ukatulia. Jioni walitembea kando ya mashamba ya chai, skafu ya manjano ya Nyathira ikilowa manyunyu, mapenzi yakakolea.

Kisha asubuhi moja, mbele ya wauguzi wote, Kipyegon akatangaza, "Sista Nyathira asidunge tena. Nitadunga mwenyewe."

Nyathira alibaki na glavu mkononi. Jana tu alimsifu, tena akamwambia anampenda. Leo hamwamini? Au amepata mwingine? Kila Kipyegon alipompigia simu, alikata.

Jumapili, akitoka kanisani, akashika simu.

"Nyathi, nisikize."

"Nisikize nini? Mkono wangu umekosea wapi?"

"Mkono uko sawa, mpenzi. Bonareri, muuguzi mkuu, aliniuliza kama unadunga kwa sababu unajua ama kwa sababu ni msichana wangu. Siwezi kuwa mimi ndiye nakupenda na mimi ndiye nakupitisha. Nimeomba Daktari Nyabuto aje kutoka Sotik akupime ukidunga."

"Na kuniambia kabla hujaniaibisha, hiyo ilikushinda?"

"Niliogopa ungenibembeleza niache, nami ningekubali."

Nyathira hakujua acheke au alie.

Nyabuto alikuja, akasimama nyuma ya Nyathira, naye Nyathira akamdunga mama mchuma chai wa Mogogosiek. Mama hakushtuka hata kidogo.

"Huyu mwacheni adunge," Nyabuto akasema, akavua glavu.

Kipyegon alikuwa akimngoja Nyathira nje, koti jeupe begani, macho chini.

"Safari hii sijaambia mtu. Naanza na wewe. Nataka nikuoe, Nyathi."

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Na nimekubali," akasema, akajishangaa mwenyewe. "Usiniulize hayo mawili yanakaaje pamoja."