Pua ya Tangi

Mwaka ule, pale Majanji kando ya ziwa, chumvi ilipimwa kwa kijiko. Sabuni ilikuwa ya kuomba kwa jirani. Petroli ndiyo usiseme. Taaka alijifunza kubana kila kitu. Kila asubuhi mumewe, Mangeni, alipomimina petroli kwenye tangi la boti, Taaka alikinga bakuli chini ili tone lisipotee.

Kazi ya Mangeni ilikuwa kuchukua samaki kwa wavuvi wa visiwani na kuwaleta bandarini. Lori la kwenda Tororo liliondoka saa nne. Akichelewa, samaki walimwozea.

Kwa muda wa wiki mbili injini ya boti ilikuwa na ukorofi. Iliwaka vizuri. Ilikwenda kama nusu saa, ikakohoa, ikazimika. Mangeni alifungua kifuniko cha tangi akachungulia. Petroli ilikuwemo. Akafunga, akavuta kamba, na injini ikawaka tena kama haina kosa. Baada ya nusu saa, ikakohoa tena.

Jumanne ilizimika karibu na mpaka wa Kenya. Upepo ukaisukuma boti. Wanajeshi wa doria wakaja. Siku hizo boti iliyokutwa mpakani iliitwa ya magendo, na mwenyewe hakuulizwa mara mbili. Mangeni aliwaonyesha samaki wake. Wakawachukua wote.

"Leo tunachukua samaki," mmoja alisema. "Siku nyingine tunakuchukua wewe."

Mangeni alirudi nyumbani midomo imemkauka.

"Mama Nangila," alimwambia mkewe, "hii injini nampa mulamu wangu Okochi, ndugu yako. Yeye analeta ng'ombe wawili kesho, tubadilishane. Mimi narudi kwa kasia."

"Kwa kasia utafika saa ngapi, Baba Nangila? Lori litakungoja?"

"Heri samaki waoze kuliko mimi nioze."

Kesho yake, lori lilipofika, Taaka alimwendea dereva wake. Dereva huyo aliitwa Swaliki, mtu wa Tororo, na lori lake alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

"Bwana Swaliki, tusaidie. Injini inatutoa roho."

Swaliki alisikiliza habari yote. Kisha akauliza, "Akifungua kifuniko, ndipo inawaka?"

"Kila mara."

"Haya, shemeji. Twende tukamwone mgonjwa."

Pamoja na Mangeni waliifunga boti kwa kamba ufukweni, wakaiwasha injini. Taaka alitazama maji yakitifuka na boti haiendi popote. Petroli ilikuwa ikiungua bure, na moyo wake uliungua pamoja nayo. Mwishowe injini ikakohoa, ikafa.

Swaliki alishika pampu ndogo ya mpira iliyo kati ya tangi na injini. Ilikuwa imebonyea kama chuchu ya mbuzi aliyekamuliwa.

"Shemeji," alisema, "ukifungua mkebe wa mafuta ya kupikia, unatoboa matundu mangapi?"

"Mawili."

"Kwa nini si moja?"

"Ukitoboa moja, mafuta yanagoma kutoka. La pili linaingiza hewa…"

Taaka alikumbuka kifuniko cha tangi. Kilikuwa na tundu dogo juu, na harufu ya petroli ilitoka hapo. Wiki mbili nyuma aliona kwamba petroli yao inaibwa na upepo.

Mangeni alikuwa akimtazama. Taaka alitamani ardhi immeze. Lakini Okochi alikuwa njiani na ng'ombe wake.

"Mimi ndiye niliyeliziba," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa sabuni."

"Sabuni!" Mangeni alishika kichwa. "Mimi naoga na majivu, tangi linaoga na sabuni?"

"Bwana Swaliki mwenyewe aliziba tangi la lori kwa sabuni. Nilimwona."

Swaliki alicheka mpaka akakaa chini. "Kweli, shemeji. Lakini mimi niliziba kidonda. Wewe umeziba pua!"

Kisha akawaeleza taratibu. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Hewa ikikosa njia, injini inanyonya mpaka inashindwa.

"Tundu hili lina parafujo," alisema. "Boti ikienda, ifungue. Ikilala, ifunge, na upepo hautakuibia. Tangi lifunge kwa kamba lisiyumbe. Na huu mpira wa petroli, Bwana Mangeni, usiuwekee vikapu vya samaki juu yake. Ukikunjika, ni kama umekaba koo."

Taaka alichokoa sabuni kwa mwiba wa samaki aina ya ngege. Waliwasha injini. Safari hii Mangeni hakungoja ufukweni. Alizunguka na boti zaidi ya nusu saa, mpaka Swaliki akarudi kwenye lori na kupiga honi mara tatu, na injini haikukohoa hata mara moja.

Jioni Okochi alifika na ng'ombe wawili, amechoka, amejaa vumbi.

"Mulamu, wape maji, halafu urudi nao," Mangeni alimwambia. "Injini imepona."

Ijumaa, Taaka alikuwa ziwani akifua shati la mumewe kwa kile kipande cha sabuni kilichotoka kwenye kifuniko cha tangi. Kilinuka petroli, lakini povu lilikuwepo. Akasikia mlio wa injini kutoka visiwani. Akasimamisha mikono na kusikiliza. Mlio ulikuja bila kukatika, ukazidi kuwa karibu. Saa tatu ilikuwa haijafika, na lori la Swaliki lilikuwa bado halijaonekana barabarani.

Taaka akainama, akaendelea kufua.