Nyimbo Zilizokatwa Vichwa

"Kanda imekatika."

Sauti ya Mzee, mkuu wake wa kazi, haikusalimu kwenye simu. Sindano, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nyingine imesimama wima, aliisogeza simu karibu na sikio.

"Imekatikia wapi?"

"Nyumba ya sauti. Iunge kabla jua halijazama."

Simu ikakatwa. Sindano akainuka kwenye kiti.

"Dada! Nusu kichwa hivyo unakwenda wapi?" msusi alimaka, kitana mkononi.

"Kazini."

"Kazi gani hiyo haisubiri nywele?"

Swali zuri. Msusi alimjua kama wakala wa bima. Idara ilimjua kama jasusi asiyeamini hata kivuli chake, na ndiyo maana alikuwa bado hai.

Alivaa helmeti, akaitia moto Yamaha yake, akaondoka.

Nyumba ya sauti ilikuwa redio kongwe, na mali yake kubwa ilikuwa maktaba ya nyimbo. Miaka yote ya bendi za zamani ilikuwa imehamishwa kutoka kwenye kanda zilizoota ukungu na kuingizwa kwenye diski moja. Kanda zenyewe zilishaoza, zikatupwa. Leo asubuhi diski ikafa. Diski ya akiba nayo ikafa, saa hiyo hiyo.

Diski mbili zife pamoja kama mapacha? Sindano hakuliamini hilo.

Tena kesho kulikuwa na kesi. Kampuni moja ya nje ilidai nyimbo hizo ni zake. Redio ilikuwa na ushahidi mmoja tu. Kabla ya kila wimbo, fundi mitambo wa studio alikuwa akitaja kwa sauti bendi, mtunzi na tarehe, na sauti hiyo ilirekodiwa pamoja na wimbo. Hakimu alitaka kuisikia. Bila sauti hiyo, wazee waliotunga nyimbo zile wangebaki mikono mitupu.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo Sindano hakuwahi kumwambia mtu kazini. Fundi mitambo yule alikuwa baba yake. Marehemu hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha sauti hiyo tu.

Chumba cha maktaba kilikuwa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya plastiki. Mama Kanda, mtunza maktaba, alikuwa ameketi pembeni, macho mekundu, askari amemsimamia. Funguo za chumba zilikuwa zake.

"Mwanangu, mimi nizifute?" alimwambia Sindano. "Nimezilea kama watoto!"

Sindano alimpita. Wezi wengi aliowakamata walikuwa hodari wa kulia.

Kwenye kompyuta alikuwapo Fundi Kompyuta, kijana wa miwani, shati limenyooka, uso umejaa ushindi.

"Usihofu, afande. Nimeziokoa zote. Majina tu ndiyo yamepotea, mafaili yamebaki na namba. Nazipanga upya, bendi kwa bendi. Mpaka jioni nimemaliza."

"Zimetoka hivi hivi kwenye diski iliyokufa?"

"Hivi hivi. Sijagusa kitu."

"Hongera. Naomba nisikie."

Alivua helmeti. Fundi aliziangalia nywele, akameza kicheko. Sindano akavaa visikizi vya Sony masikioni na kufumba macho, akingoja kikohozi. Baba yake hakuwahi kufungua wimbo bila kukohoa kwanza.

Gitaa likaingia moja kwa moja.

Akafungua faili jingine. Tarumbeta.

Jingine. Ngoma.

Hakuna kikohozi. Hakuna jina wala tarehe. Uchungu wa msiba wa baba yake ukamrudia upya. Kisha machale yakamcheza.

Diski ikifa, programu ya kufufua mafaili huyarudisha bila majina. Pengine huyarudisha yamevunjika, wimbo unakwama katikati. Lakini haikati kila wimbo mahali pamoja, kwa unadhifu wa kinyozi. Hiyo ni kazi ya mikono ya mtu, tena mtu aliyekaa wiki nzima akizikata moja moja. Fundi alizikata kabla diski "haijafa". Fundi aliiba diski ya kweli, akaweka mbovu mahali pake, akaiua na ile ya akiba, na sasa alikuwa anairudishia redio nyimbo zisizo na vichwa, ili kila mtu ashangilie na asiwepo wa kutafuta zaidi.

Sindano angeweza kumkunja pale pale. Lakini diski ya kweli iko wapi?

Alimpiga Fundi begani kirafiki. Kidole chake kiliacha chini ya kola kitufe kidogo cheusi chenye maikrofoni.

"Kazi nzuri. Askari, jioni huyu mama tunaondoka naye."

Mama Kanda akaangua kilio. Kilimuuma Sindano, ila akapiga moyo konde. Fundi alitazama saa yake.

"Basi nikapate chakula," alisema, akabeba begi lake.

"Mzee, ndege ameruka," Sindano alinong'ona kwenye redio ya mkononi ya Motorola, pikipiki ikinguruma.

"Unamwona?"

"Namsikia. Anapiga mluzi."

"Wa nini?"

"Wimbo aliouiba."

Fundi alikata mitaa, akageuka nyuma mara kwa mara, akaingia sehemu ya kuoshea magari. Ghafla kitufe kikatoa mvumo wa maji tu. Mjanja! Pale hata wakipiga kelele hakuna wa kuwasikia.

Sindano aliegesha, akachungulia nyuma ya pipa la sabuni. Range Rover nyeusi ilikuwa imefunikwa povu. Kando yake alisimama mgeni mrefu wa suti ya kijivu, bila shaka mtu wa ile kampuni ya nje. Fundi alitoa kwenye begi chombo cha plastiki cha chakula, akakifungua kidogo. Ndani hapakuwa na chakula. Diski ilikuwa imelala juu ya kitambaa.

Mgeni alitabasamu, akakifunga tena chombo, akakiweka sakafuni na kuinua nyundo. Alitaka kuivunja diski kwa mkono wake mwenyewe, ahakikishe.

"Weka chini!" Sindano alifoka, Glock mkononi.

Mgeni aliiachia nyundo, lakini hapo hapo akamvuta Fundi mbele yake kama ngao na kupeleka mkono kiunoni. Kumpiga risasi hakukuwezekana. Sindano akadaka mpira wa maji wa kuoshea magari, akauminya.

Maji yaliwapiga wote wawili usoni. Bastola ya mgeni ikaruka. Fundi akateleza kwenye povu, akamzoa bosi wake miguu, wakaanguka kwa kishindo. Sindano alikuwa juu yao kabla hawajapata pumzi. Pingu moja iliwatosha.

Chombo cha chakula kilikuwa kinaelea kuelekea kwenye mtaro. Sindano akajirusha. Akakidaka ukingoni kabisa.

Kifuniko kilikuwa kimebana. Ndani kukavu.

"Umejuaje?" Fundi alilia, akitema povu.

"Umezinyoa nyimbo sana," Sindano alimjibu.

Maktabani, Mama Kanda aliichomeka diski. Kikohozi kikasikika. Kisha sauti nzito, ya taratibu, ikataja bendi, mtunzi na tarehe. Mama Kanda akaandika jina la faili. Akafungua la pili, nalo likajitaja.

"Nisamehe, mama," Sindano alisema. "Nilikushuku."

"Ni kazi yako, mwanangu. Hukai nami tusikilize?"

"Wewe endelea. Mimi nimeacha kitu nusu."

Akavaa helmeti na kutoka. Kwenye ngazi Motorola yake ikakoroma.

"Mzee, kanda imeungwa," alisema.

"Nilijua utaisikia," Mzee alisema. "Baba yako alikohoa sana."

Sindano alisimama. Kumbe yule mzee alijua siku zote! Akacheka peke yake, akashuka.

Jua lilikuwa linazama alipokaa tena kwenye kile kiti. Msusi alishika nywele zilezile, akinung'unika. Redio ya saluni ilikuwa inarusha wimbo mmoja mzima, bila kukatwa, kwa ombi la Mama Kanda.

Kikohozi. "Studio namba mbili, kimya tafadhali. Na wewe binti yangu, acha kuchezea waya."

Mtoto akacheka, kwa mbali. Gitaa likaingia.

"Nani huyo anakohoa hewani?" msusi aliuliza, kisha akaona machozi. "Aa, dada! Nakuvuta sana?"

"Kidogo tu," Sindano alisema. "Endelea."