Mikate ya Otabek

Rafiki yangu Murod, fundi umeme, aliitwa na Otabek, mtoto wa Rais, akatengeneze taa za ghala la chini. Kwetu anayesafiri huung'ata mkate mara moja, kisha mkate huo hutundikwa kwenye msumari ukutani umngoje arudi aumalize. Ghala la Otabek lilijaa mikate mikavu ya namna hiyo.

"Wenye mikate hii niliwang'atisha mwenyewe, ndipo wakapigwa risasi," Otabek alisema akicheka, jino lake la dhahabu likimeta. "Fanya haraka, bwana fundi, wasije wakarudi na njaa."

Taa zikazimika. Murod akasikia mikate mikavu ikitafunwa kila upande, polepole.

Zilipowaka, Otabek hakuwepo, na misumari yote ilikuwa mitupu isipokuwa mmoja. Hapo ulining'inia mkate wa moto, umeng'atwa, na jino la dhahabu limenasa ndani yake.