Mkono Ndani ya Gari Namba Tisa

Walijuana kwenye kituo cha treni ya mwendokasi, asubuhi watu wamejaa pomoni, mlango wa kigari kisicho na dereva, kinachopeleka abiria hospitali, ulipobana koti la muuguzi. Binti wa zamu, anayevilinda vigari hivyo kwa kamera ghorofa ya juu, akaufungua kwa kitufe na kusema kwenye spika, "Pole, kaka wa koti la bluu."

"Pole haishoni koti, bibie!"

Binti akateremka na sindano na uzi. Huo sasa mwezi wa nane, wamegandana kama ulimbo.

Lakini leo roho ilikuwa ikimuuma binti. Siku ya nne mfululizo, kwenye kamera ya gari namba tisa, muuguzi kaketi na mwanamke wa gauni la njano, mtandio umemfunika uso, kamng'ang'ania mkono na kumwegemea begani. Binti akapiga simu.

"Uko na nani, laazizi?"

"Na abiria wenzangu. Kwani vipi?"

"Wenzako! Haya."

Akabonyeza kitufe. Gari likasimama katikati ya njia ya hospitali.

"Wewe wa njano!" spika ikanguruma. "Mkono huo una mwenyewe!"

Mtandio ukainuka. Mama mtu mzima, rika la mama yake mzazi, machozi yanamlengalenga. Spika ikishafunguliwa, na ya ndani ya gari husikika huko juu.

"Kumbe kuna mtu?" mama akauliza. "Mwanangu, naogopa gari linalojiendesha. Kijana wa watu ndiye ananishika mpaka hospitali, kwenye sindano zangu. Siku zote ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona, mama."

"Ningejua, nisingelia." Akauachia mkono, akajiweka sawa kitini.

"Siku nne unanichungulia," muuguzi akasema, sauti imekauka, "hata kuniuliza hukuona haja?"

Mkuu wa zamu keshafika mgongoni kwa binti na fomu.

"Umesimamisha gari. Sababu?"

Angeweza kudanganya. "Wivu, bosi."

Ndani ya gari abiria wakaangua kicheko. Muuguzi hakucheka, akaigeukia kamera.

"Bosi," akasema, "andika abiria alikuwa na ombi."

"Ombi gani?"

"Nimuoe huyo, anilinde nyumbani, si kwenye kamera."

"Mjibu haraka, binti. Magari saba yamekwama nyuma ya namba tisa."

"Nimekubali," akasema, akijifuta macho. "Ila kesho ukae kiti cha peke yako."