Mama Ki-beom Ajifunza Kumsimamisha Mwalimu

Kila alfajiri, kabla ya kazi za shamba kuanza, Mama Ki-beom alinawa uso, akachana nywele, akavaa koti lake la kwendea harusini. Kisha alipiga magoti mbele ya meza fupi, akafungua kompyuta, akainamisha kichwa kwa heshima. Aliyekuwa akimwinamia ni Profesa Gil, mwalimu wa magonjwa ya mimea. Profesa mwenyewe hakuwamo chumbani. Masomo yake yalirekodiwa Seoul miaka mitatu iliyopita, na sasa yalionekana kwenye kioo cha kompyuta. Lakini mwalimu ni mwalimu.

Jina lake hasa ni Tak Sun-im; Ki-beom ni jina la mwanawe. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Yeye na mumewe, Seok Man-ho, walilima persimoni, matunda matamu ya rangi ya chungwa, huko Sangju, Korea Kusini. Kila vuli walichuma matunda hayo, wakayamenya, wakayatundika kwa kamba bandani mpaka yakauke.

Sun-im alitolewa shuleni akiwa na miaka kumi na mitatu. Alipelekwa kiwanda cha nguo mjini Daegu ili kaka yake aendelee kusoma. Sekondari aliimaliza ukubwani, katika darasa la usiku, akisinzia na kuzinduka. Sasa alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kinachofundisha kwa kompyuta. Hakuna mwanamke mwingine wa rika lake kijijini aliyefika hapo, naye hakuona sababu ya kulificha jambo hilo.

Lakini somo la magonjwa ya mimea lilikuwa limemwangusha mara mbili. Barua ya chuo ilisema wazi: akianguka mara ya tatu, jina lake litafutwa.

"Mama Ki-beom," mumewe alimwambia siku moja wakinywa supu ya asubuhi, "hilo koti litachakaa kabla hujapata hicho cheti."

"Likichakaa nitavaa lako."

"Langu lina tundu."

"Ndiyo maana sijalivaa mpaka leo."

Man-ho alicheka kidogo, kisha akaweka kijiko chini. Alisema ingekuwa afadhali ajitoe mwenyewe kuliko kufutwa. Mtu akijitoa, watu husema amechoka. Akifutwa, husema ameshindwa. Hakuyasema hayo kwa ubaya. Baada ya mtihani wa pili alimkuta mkewe analia nyuma ya banda, na hakutaka kuliona jambo hilo tena.

 Siku ya tatu Sun-im alichukua daftari lake, akapanda basi, akaenda maktaba ya tarafa. Hapo alifanya kazi Bi Pyo Eun-suk, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ambaye naye aliwahi kusoma chuo kwa kompyuta huku akilea watoto. Sun-im alimwomba amsaidie kujaza fomu ya kujitoa chuoni.

Bi Pyo hakuifungua fomu. Aliomba kwanza kuliona daftari. Alifunua ukurasa mmoja, mwingine, na mwingine. Mwandiko ulikuwa mzuri sana, lakini kila baada ya mistari michache palikuwa na nafasi tupu.

"Dada, nafasi hizi ni za nini?"

"Hapo mwalimu alikwenda mbele, mimi nikabaki."

"Na hukumsimamisha?"

Sun-im alimtazama kama mtu aliyesikia neno chafu. "Mdogo wangu, mimi ni nani hata nimwambie profesa anyamaze? Tumefundishwa kwamba hata kivuli cha mwalimu hakikanyagwi."

Ndipo Bi Pyo alipoelewa. Mama huyu alikuwa akisikiliza kila somo mara moja tu, toka mwanzo hadi mwisho, bila kugusa chochote. Alikaa mbele ya kompyuta kama alivyokaa darasani utotoni, kimya, mgongo umenyooka. Kosa lake halikuwa uvivu, wala akili yake haikuwa nzito.

Bi Pyo alimweleza taratibu. Zamani, alisema, somo la chuo kikuu lilisemwa mara moja tu ukumbini. Mwalimu alikwenda kwa mwendo wake. Aliyepitwa alipitwa. Siku hizi mwalimu huhifadhi somo lake kwenye kompyuta makusudi, ili kila mwanafunzi atembee kwa hatua zake mwenyewe. Mwenye kuelewa upesi asonge mbele. Asiyeelewa arudi nyuma, hata mara kumi.

"Kompyuta haikasiriki, dada. Na profesa hasikii kwamba umemsimamisha. Jaribu."

Walifungua somo lililomsumbua zaidi, lile la ugonjwa wa madoa meusi. Sun-im alishika kipanya.  Alisema polepole, "Samahani, mwalimu," kisha akabofya. Profesa Gil alibaki mdomo wazi, kidole juu. Bi Pyo alijikaza asicheke, akashindwa, na Sun-im naye akashindwa.

Walirudia sehemu ile mara nne. Nafasi tatu tupu zilijaa. Ya nne ilikataa. Profesa alisema dawa inyunyizwe mwezi wa sita, lakini Sun-im aliyaona madoa kwenye matunda yake mwezi wa nane. Kwa nini kumtibu asiyeumwa?

"Hapo kompyuta imefika mwisho wake," alisema Bi Pyo. "Itakurudishia maneno yale yale hata mara mia. Maneno yenyewe yakiwa hayatoshi, unahitaji mtu. Muulize profesa."

Alimwonyesha ukurasa wa maswali wa chuo. Sun-im alikataa. Jina lake lingeonekana na wanafunzi wote, na wote wangejua kwamba kuna bibi Sangju asiyeelewa. Bi Pyo hakumsukuma. Alimwambia tu kwamba fomu ya kujitoa nayo ina mahali pa kuandika jina.

Sun-im alivuta kibodi karibu. Kisha aliandika swali lake. Lilikuwa na mistari mitatu, na lilimchukua karibu saa nzima.

Kesho yake yalikuja majibu. Mwanafunzi mmoja, mlinzi wa huko Busan, aliandika kwamba hata yeye hakuelewa hapo. Mkulima wa mapeasi akaandika vivyo hivyo. Mwisho kabisa palikuwa na maneno ya profesa mwenyewe. Alisema Jumamosi atakuwa Daegu kukutana na wanafunzi wa mkoa. Hatahutubia, kwa kuwa mihadhara wanaisikia nyumbani. Saa za kukaa pamoja ni za maswali. Alimwomba Sun-im alete tawi lenye ugonjwa.

Man-ho ndiye aliyelikata tawi hilo. Alisema mkewe angelivunja njiani, kwa hiyo akaenda naye.

Ukumbini Daegu, Profesa Gil alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana kwenye kompyuta. Aliuliza Bi Tak Sun-im ni nani. Sun-im alisimama, macho chini, akitarajia kukaripiwa.

"Kompyuta huniandikia kila mahali mwanafunzi anaposimama au kurudi nyuma," profesa alisema. "Wengi wakisimama mahali pamoja, najua pale nimefundisha vibaya. Mahali ulipouliza wewe, karibu hakuna aliyesimama kwa miaka mitatu. Nikaamini pameeleweka. Kumbe wenzangu mlikuwa mnaniheshimu. Heshima ile ilinificha kosa langu."

Aliinama mbele yake.  Sun-im naye akainama, chini zaidi.

Kisha profesa aliinua lile tawi. Aliwaonyesha vidonda vidogo kwenye gome. Kuvu hulala humo wakati wote wa baridi, alisema. Mvua za mwezi wa sita huibeba mpaka kwenye matunda machanga. Inaingia kimya, wala tunda halionyeshi kitu. Ukiliona doa mwezi wa nane, mgeni ameshakaa nyumbani siku nyingi. Kwa hiyo matawi yenye vidonda yakatwe na kuchomwa wakati wa baridi, na dawa itangulie mvua.

Man-ho alisikiliza akiwa mlangoni. 

Mwezi wa kumi na mbili Sun-im alifanya mtihani kwa mara ya tatu. Alipata sabini na nne kwa mia. Jina lake lilibaki. Man-ho aliisoma ile namba mara mbili, akatoka nje, akachukua msumeno na kwenda kukata matawi. Vuli iliyofuata madoa yalikuwepo, lakini machache, na kamba za bandani zilijaa.

Sasa Sun-im anasoma somo la udongo. Asubuhi moja mwalimu mpya alikuwa akieleza habari za chokaa. Man-ho alikuwa pembeni, bakuli mkononi, amewapa mgongo. Sun-im alibofya, mwalimu akanyamaza, naye akaanza kuandika.

"Umemwelewa?" mumewe akauliza.

"Nimemwelewa."

Man-ho alitafuna kidogo.

"Basi mrudishe nyuma," akasema. "Mimi bado."